Siku ya Kwanza Dojo, Kila Mtu Hudanganya

Wasee wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, na nyinyi mliohamia Nairobi mkasahau baridi: Leo sina video ya kuchekesha. Niko na maneno tu, na ni marefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Ukumbi tunaofanyia karate uko nyuma ya kanisa moja huku King'ong'o. Sakafu ni simiti tupu. Mwezi wa Julai ukivua viatu pale unajiuliza ni nani alikuambia uzaliwe karibu na mlima. Mgeni akija, kabla hajaonyeshwa hata namna ya kukunja ngumi, sensei wetu humuuliza swali moja: "Umeletwa na nini?"

Na kila mgeni hudanganya.

Si uongo mbaya. Ni ule wa kusema "niko poa" wakati hauko poa. Msee wa miaka kumi na tisa atasema anataka mazoezi. Msichana atasema anataka kupunguza mwili. Mzee wa arobaini na kitu atasema daktari ndiye alimshauri. Mimi mwenyewe, Oktoba 2023, nilisema kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Nataka kujua kujilinda." Sensei akaniangalia, akasema, "Sawa. Vua viatu, simama nyuma."

Ilinichukua karibu miezi mitano kukubali kwamba nilimdanganya. Tangu hapo nimekuwa nikiwasikiliza wengine, tukifunga viatu kwenye ngazi za ukumbi, au ndani ya matatu tukienda mashindano ya kirafiki Embu. Nimefika mahali naweza kusema hivi bila kuogopa: kile tunachodhani kinavuta watu kwenye karate sicho kinachowavuta. Na kwa sababu tumekosea hapo, tunawapoteza wengi kabla hawajavaa hata mshipi wa pili.

Tuanze na sinema, kwa sababu hiyo ndiyo sababu ambayo watu huitaja bila aibu. Wazazi wetu walikuwa na Bruce Lee. Enter the Dragon ilitoka 1973, mwaka ule ule aliokufa, na mpaka leo kuna kinyozi mtaani kwetu ana picha yake ukutani. Sisi tulikuwa na Jackie Chan na Jet Li, na sauti ya DJ Afro ikitufafanulia kwa lugha ya mtaa nani anapigwa na kwa nini. Hukuhitaji kujua Kichina. Ulihitaji kujua tu kwamba steringi hafi.

Halafu ikaja The Karate Kid ya 2010, ile ya Jaden Smith. Niliitazama kwa jirani, watoto kumi na wawili, kochi moja na mkeka. Tulipotoka nje tulirushiana mateke mpaka shosho akatoka na mwiko.

Kichekesho ni kwamba karibu yote hayo si karate. Bruce Lee alikuwa mtu wa kung fu, baadaye akatengeneza mtindo wake mwenyewe. Jaden Smith kwenye ile filamu anafunzwa kung fu na Jackie Chan, tena Beijing, hata kama jina la filamu linasema karate. Kwetu hakuna anayejali. Huku mlimani kila teke ni karate.

Lakini hebu itazame tena, hiyo ya 2010 au ile ya kwanza ya 1984, hadithi ni moja. Mtoto anahamishwa na mamake hadi mahali ambapo hajui mtu. Vijana wa pale wanampiga. Mzee mmoja, fundi wa kurekebisha vitu kwenye nyumba wanazoishi, anamwona. Anampa kazi. Anamrudisha kwenye jambo lile lile mara mia. Ukitoa mateke yote, kinachobaki ni mtoto aliyepata mtu mzima mwenye wakati naye. Nadhani hata pale kwenye mkeka, wengi wetu tulikuwa tunatamani hicho. Teke tulilitaka pia, sikatai. Lakini teke unaweza kulitafuta kwa YouTube ukiwa kitandani.

Sasa tuje nyumbani. Mkenya yeyote akisikia wewe ni mwanamke na unatoka Nyeri, mzaha uko tayari mdomoni. Ati sisi hupiga wanaume. Ukiongeza kwamba unafanya karate, umewapa kicheko cha wiki nzima. Video yangu ya kwanza nikiwa nimevaa gi ilipata komenti nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka, na nusu yake zilikuwa za kumwombea bwanangu wa baadaye. Nilicheka pia. Hata nilitengeneza mbili zingine za kuendeleza huo mzaha kwa sababu zilikuwa zinaleta watu, sitajifanya malaika hapa.

Kisha ikaja Januari 2024. Mnakumbuka. Wanawake waliuawa mmoja baada ya mwingine, tukaamka na majina yao kwenye simu na kulala nayo, na tarehe 27 maelfu wakatembea Nairobi na miji mingine kusema imetosha. Wiki zilizofuata wasichana watano walikuja ukumbini kwetu. Watano kwa mwezi mmoja, mahali ambapo tulikuwa watatu tu. Sensei akawauliza swali lake. Wote walisema mazoezi.

Hakuna aliyesema "naogopa". Utasemaje unaogopa, na unatoka mji ambao nchi nzima inacheka kwamba wewe ndiye wa kuogopwa?

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu najua ni rahisi kuuza karate kwa hofu ya wanawake. Bango moja, picha ya msichana akirusha teke, maneno "Jilinde!" na umejaza ukumbi. Mimi naona huo ni uongo unaomrudia mwanafunzi. Wanawake wengi wanaouawa huuawa na watu wanaowajua, mara nyingi mpenzi au mume, ndani ya nyumba. Hakuna mshipi wa njano unaotatua hilo. Na ukimwambia msichana "nenda ujifunze karate" halafu usimwambie mwanaume kitu, umempa mwenye kidonda kazi ya kumtibu aliyemkata.

Lakini wawili kati ya wale watano bado wako. Mmoja wao aliniambia baada ya miezi minne kilichomleta. Usiku mmoja steji, makanga alimshika mkono akakataa kumwachia, na watu waliokuwa pale wakacheka. Hakutaka kumvunja yule makanga mkono. Kilichomuuma ni kwamba alijaribu kusema "niachie" na sauti haikutoka. Ilikwama kooni kama mfupa wa samaki. Sasa, kwenye karate kuna ule ukelele tunaotoa pamoja na pigo, unaitwa kiai. Wiki za kwanza kiai yake ilikuwa kama mtu anayekohoa kanisani. Sensei hakumkemea. Alimwambia tu, "Tena." Siku hizi akipiga kelele, madirisha ya ukumbi yanatetemeka na watoto wa mstari wa mbele wanageuka. Yeye alikuja kutafuta sauti yake. Angeandika hivyo kwenye fomu gani?

Wavulana nao wana uongo wao. Nanyuki ni mji wa jeshi, kambi ya ndege za kivita ya Laikipia iko pale, na vijana wa upande huo tunaokutana nao husema wanajitayarisha kuandikwa KDF. Sawa. Lakini siku ya kuandikisha hakuna afisa anayekuuliza mshipi wako ni wa rangi gani. Wanaangalia meno, wanaangalia miguu, wanakukimbiza. Hawa vijana wanajua hivyo kuliko mimi. Na bado kuna walioachwa mara mbili, umri ukapita, na wanaendelea kuja mazoezini. Kwa hivyo jeshi halikuwa jibu lote.

Na kuna walioletwa na mama. Februari 2024 pombe haramu iliua watu zaidi ya kumi Kangai, kule Kirinyaga. Siku hizo hizo mama mmoja alimleta kijana wake akiwa amemshika mkono wa shati kama mtoto wa chekechea. Kijana wa miaka ishirini na moja, mrefu kumliko. Sensei akamuuliza kijana swali lake. Kijana akatazama sakafu. Mama ndiye alijibu: "Mwalimu, ni jioni. Mchana ako na kazi. Jioni ndiyo sijui nimpeleke wapi."

Hilo ndilo jibu la kweli la pekee nililowahi kusikia siku ya kwanza, na halikutoka kwa mwanafunzi.

Hebu ifikirie hiyo jioni ya mama yule. Asubuhi katika miji yetu ina wenyewe. Kuna chai na kahawa, kuna ng'ombe, kuna soko la Karatina, kuna nduthi. Lakini ikifika saa kumi na mbili, kijana ambaye hana pesa ako na wapi? Besi na muguka. Baa. Maombi, kama ni siku ya maombi. Ama kitandani na simu. Mpira uko, lakini mpira ni wa wale wanaoujua. Ukifika miaka ishirini na hujui kupiga pasi, hakuna timu itakuita uje ujifunzie kwao. Hata kwaya wanataka kusikia sauti yako kwanza.

Hapo ndipo naona karate ina kitu ambacho hatukisemi. Ni moja ya sehemu chache hapa kwetu ambapo mtu mzima anaruhusiwa kuanza jambo akiwa hajui kabisa. Mshipi mweupe ni tangazo unalojifunga kiunoni: mimi sijui. Na unasimama karibu na mtoto wa darasa la tano mwenye mshipi wa kijani, anakuonyesha mahali pa kuweka mguu, na hakuna anayecheka kwa sababu kila mtu mle ndani alishakuwa wewe.

Sasa deni langu, maana nimetoa siri za wengine nikaficha yangu.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama. Lakini nikisema ukweli wote, mimi nilikwama kabla karo haijakwama. Nikarudi kwa mathe. Miezi minne nilikaa chumbani nikirekodi video, naongea na simu kutwa nzima, na watu wakidhani nina marafiki wengi. Nilikuwa natoka nje mara moja tu kwa siku, saa kumi na mbili jioni, kwenda kununua maziwa. Saa hiyo giza limeanza kuingia, na majirani hawakuoni vizuri wakuulize, "Kwani chuo mmefunga?"

Njia ya maziwa inapita nyuma ya lile kanisa. Kila Jumanne na Alhamisi nilikuwa nasikia watu wakihesabu. Ichi, ni, san, shi. Sauti kama ishirini, za watoto na za wazee pamoja, na kila nambari ikifuatwa na miguu kwenye simiti. Sikuelewa hata neno. Wiki ya kwanza nilipita. Wiki ya pili nilisimama pale na maziwa yangu. Wiki ya tatu mathe akauliza ni ng'ombe gani huyo ninamsubiri akamuliwe.

Hakuna mtu alikuwa ananishambulia, wasee. Hakuna hata aliyejua niko. Nilitaka tu kuwa ndani ya ile hesabu. Lakini ungekuwa wewe, ungemwambia sensei hivyo? "Nimekuja kwa sababu mnahesabu pamoja"? Nikasema kujilinda.

Gi yangu ya kwanza niliipata mitumba, Karatina. Kumbe ilikuwa ya judo, nzito kama blanketi, na kwa hii baridi sikulalamika. Mwezi wa tatu nilikosa mazoezi mara mbili mfululizo. Ilikuwa ile siku wenzangu wa chuo walianza kuweka picha za safari yao ya masomo, na sikutaka kuona mtu. Jioni sensei akapiga simu. Hakuuliza niko wapi wala kama niko mgonjwa. Alisema, "Mstari wa nyuma uko na pengo. Alhamisi njoo ulizibe." Basi. Nilikuwa nimeacha chuo kizima chenye maelfu ya watu na hakuna aliyepiga simu.

Najua mtakachosema kwenye komenti, kwa hivyo acha niwasaidie.

Mtasema karate haifanyi kazi kwa barabara, afadhali ndondi. Labda. Lakini ndondi nayo ungeanza ukiwa unaogopa, na ungedanganya vile vile.

Mtasema ile kuinama ni kuabudu. Wazazi wawili wamewatoa watoto wao kwetu kwa sababu hiyo, na siwacheki, kila mtu na imani yake. Mimi nikiinama naona ninavyomsalimia guka, si zaidi.

Mtasema watu wanafuata medali na pesa. Zipi? Karate iliingia Olimpiki mara moja, Tokyo, ile michezo ya 2020 iliyofanyika 2021. Paris 2024 haikuwepo. Ukitaka medali katika kaunti hii, vaa viatu ukimbie. Catherine Ndereba ametoka Nyeri, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mara mbili na kushinda Boston mara nne. Anayekimbia hapa kwetu, kila mtu anajua anakimbilia nini. Anayepiga hewa ngumi mia mbili kwenye simiti baridi anatafuta kitu kingine.

Na si sisi wa kwanza. Mzee aliyeipeleka karate kutoka kisiwa cha Okinawa na kuionyesha Tokyo mwaka 1922 anaitwa Gichin Funakoshi, na watu wengi humwita baba wa karate ya kisasa. Alizaliwa 1868 kabla ya siku zake, akakua mtoto mdhaifu wa kuugua ugua. Alipelekwa kwa mwalimu wa karate akiwa mtoto, akaona afya inaanza kurudi, akaendelea. Baadaye alifaulu mtihani wa kuingia shule ya udaktari, lakini familia yake ilishikilia ule mtindo wa zamani wa kufunga nywele utosini, na serikali ilikuwa haiutaki tena. Hakuingia. Akawa mwalimu wa shule. Yaani yule mzee ambaye picha yake iko ukutani kwenye madojo mengi duniani alikuwa mtoto mgonjwa ambaye baadaye alikosa chuo. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu chumbani. Halafu sikucheka.

Kwa hivyo ombi langu ni hili, na linawahusu watu watatu.

Masensei wetu, na ninajua mko wengi kutoka Nyeri hadi Meru, mnafundisha kwa ada ndogo ambayo nusu yetu hatulipi kwa wakati. Punguzeni mabango ya "miezi mitatu utajilinda". Mtu aliyekuja kwa sababu ya upweke akiahidiwa kujilinda, ataondoka akiona bado hajui kujilinda, na hamtajua kamwe kwamba alichokifuata alikuwa amekaribia kukipata. Ulizeni lile swali, lakini mliulize tena baada ya miezi mitatu. Na mgeni asipokuja, mpigieni simu.

Wewe mwenye kucheka wanawake wa Nyeri: kuna msichana anaupima huo mzaha wako kila akitaka kusema anaogopa. Mimi nilikuwa napata pesa kidogo kwa kukuchekesha. Zile video mbili nimezitoa jana usiku. Watazamaji elfu arobaini, zimeenda.

Na wewe unayepita nje ya ukumbi na maziwa yako, au na kofia ya nduthi mkononi, ukijifanya unasubiri mtu. Ingia. Danganya kama sisi. Sema mazoezi, sema daktari, sema Jackie Chan. Hakuna atakayekuuliza ushahidi siku ya kwanza.

Alhamisi iliyopita kijana mmoja alisimama mlangoni karibu dakika ishirini kabla ya kuingia. Sensei akamuuliza. Akasema, "Ni mazoezi tu, mwalimu." Nikasogea kushoto kidogo, akapata nafasi kwenye mstari wa nyuma, tukaanza kuhesabu.

Kama unafanya karate, popote ulipo, niandikie hapa chini uliletwa na nini. Na usiniambie mazoezi.